Marahaba ya Darini

"Maharage yako yanaungua."

Hayo ndiyo maoni ya kwanza kuingia. Oliva alikuwa jikoni kwao Endasak, simu ameiegemeza kwenye debe, anaimba laivu mtandaoni wimbo wa kwaya. Akainua macho. Kweli, yalikuwa yanaungua. Ila mafiga yalikuwa nyuma ya simu, kamera isikofika.

Akaunti ile haikuwa na picha, na mahali pa jina palikuwa na nukta tu. Watu wengine walimtukana, wakachoka, wakaenda zao. Yenyewe ikabaki.

"Sauti kama mbuzi anayechinjwa."

"Umeishia form two, unamwimbia nani?"

Oliva alijibu kila tusi. Siku moja ikaandika: "Mimi mkubwa kwako. Mbona hunisalimii?"

Watu wengi walikuwa wanasoma. Aliona aibu kuonekana hakulelewa. Akaandika: "Shikamoo."

"Marahaba," ikaitika sauti darini, juu ya magunia ya mahindi.

Harufu ya ng'ombe aliyelowa mvua ikajaa nyumbani. Oliva akaifungia akaunti, akazima simu, akaifukia ndani ya pumba, lakini sauti iliendelea kupenya kwenye mbao, ikimrudishia matusi yote aliyowahi kuandikiwa, kila moja kwa sauti ya aliyeliandika, na alipokimbilia kwa shangazi yake kijijini Masakta akaikuta imeshatangulia, inamsubiri kwenye dari la huko.

Mama yake, Restituta, akamwita mzee Hhando, mganga.

"Umempa shikamoo, umemfanya mtu wa nyumba," mzee alinong'ona. "Chakula chake ni majibu. Leo mkae ndani, msimjibu neno mpaka ng'ombe warudi. Atatoka kwa njaa."

"Na tukijibu, babu?"

"Atashuka."

"Jirani akipiga hodi je?"

"Hatapiga." Akakata tawi, akalilaza njiani, watu wajue nyumba ile haiingiliki. Kisha akawafungia mlango.

Mama na binti wakakaa kwenye benchi, wameshikana mikono. Sauti ilitukana asubuhi yote, ikacheka, ikalia kama mtoto mchanga, ikaita kwa sauti ya marehemu baba, na Oliva akaing'ata kanga yake mpaka ikachanika, lakini hakujibu. Jua likainama. Kengele za ng'ombe zikaanza kusikika kwa mbali, zikipanda mlima. Oliva akamfinya mama yake kidole: bado kidogo tu.

Hapo sauti ikamwacha Oliva.

"Restituta," ikasema taratibu. "Pole, mama. Huyu binti ni hasara. Bora ungezaa jiwe, ungejengea zizi."

"Koma!" Mama alisimama. "Mwanangu si hasara!"

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Matusi yakakatika. Ngazi ya darini ikalia, kidato kwa kidato, mpaka chini. Harufu ikawasogelea. Mama akarudi kukaa, na benchi likabonyea katikati yao.

"Sogeeni," ikasema kwa upole. "Tuongee."