Gari Lililobisha Hodi

Ukitaka kumpendeza Muhidini, fundi magari wa Kibiti, usimsifie nyumba wala mke, ingawa vyote alikuwa navyo vizuri. Muulize habari za pistoni. Angeacha chai ipoe, akuinulie kidole chake cha shahada, kile kilichokatwa ncha na feni ya lori, akueleze mpaka ujute kuuliza.

Asubuhi hiyo ya kipupwe, Mwingereza akiwa bado anatawala, aliyekuwa akielezwa ni Bwana Tajdin, mwenye duka la nguo.

"Hizi si pistoni za kumiminwa. Zimefuliwa kwa nyundo za mashine, ngumu, za magari ya mashindano. Ila zikipata moto huvimba, ndiyo maana nimeziachia nafasi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, zitapwaya na kugonga. Usishtuke. Ikipata moto inanyamaza."

"Na isiponyamaza, fundi?"

"Ikigonga na moto imeshapata, basi kuna kitu kinavunjika humo ndani. Zima, shuka."

Tajdin alicheka. Gari lake, lililosimama hapo kwenye banda la fundi, alilipata kwa bei ya kutupa, na sababu yake Kibiti nzima iliijua. Masika yaliyopita liliteleza kutoka kwenye pantoni, likaingia mto Rufiji, dereva akiwa ndani na vioo vimepandishwa. Halikuzama mara moja. Waliokuwa ukingoni walimwona akigonga kioo kwa kiganja, akipumzika, akigonga tena, na hakuna aliyeweza kumfikia. Maji yaliharibu injini pia. Tajdin, mpenda mbio za magari, akaagiza pistoni mpya kutoka ng'ambo.

Muhidini akawasha. Injini ikagonga kama alivyosema. Ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Ngo, ngo, ngo.

Tajdin hakuona neno. Muhidini aliona. Pistoni inayopwaya hugonga mfululizo, haipumziki. Lakini injini ilipopata moto ilinyamaza, naye akajiambia kuwa masikio yake yamechoka.

Siku chache baadaye alirudi kutoka msikitini akamkuta mkewe Mwantum uani, ameshika birika. Hina ya harusi ilikuwa bado haijafutika viganjani mwake. Mwantum alikuwa binti wa kijiji cha Mbuchi, kalelewa akaleleka, na hodi ya mtu haikumpita bila kuitikiwa.

"Mgeni wako yuko wapi?" aliuliza. "Kabisha hapo bandani mara tatu, kisha tena mara tatu. Nikamwambia karibu, pita."

Bandani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na gari tu, limezimwa tangu jana.

Muhidini aliliwasha. Injini ikaunguruma laini, haikugonga hata kidogo. Tajdin alipolijaribu barabarani alirudi anaimba. "Fundi, umeiweza," alisema, akamkumbatia na grisi yake. Muhidini alishindwa hata kutabasamu. Pistoni za kufuliwa, asubuhi ya baridi, haziwezi kukaa kimya. Mlio ule ulikuwa umehama.

Kesho yake alijua umehamia wapi. Aliamshwa na baridi ya mkono wa mkewe. Mwantum alikuwa usingizini, nywele zimelowa, zinanuka tope la mto. Kitu kiligonga kifuani mwake. Ngo, ngo, ngo. Kikapumzika.

Muhidini aliwasha moto, akamfunika, akamnywesha uji wa moto. Kifua kikanyamaza. Hapo ndipo alipolia, kwa kuwa alikuwa anaujua utaratibu ule.

"Nimemkosea nini?" Mwantum alinong'ona. "Nilimkaribisha tu."

Alimpeleka kwa mganga wa kijiji cha Mkongo. Mganga aliweka sikio kifuani, akarudi nyuma polepole.

"Wengine huingia kwa nguvu, hao nawatoa," alisema. "Huyu kabisha, kaitikiwa. Nitamwambiaje atoke?"

Kipupwe chote Muhidini aliishi kwa kuni. Hakuna injini iliyomshinda kufungua na kuipanga vipande vipande juu ya gunia, na sasa mlio alioujua kuliko yote ulikuwa mahali pasipo na nati. Alimwomba Mungu alete joto. Joto likaja. Kifua kikatulia, siku zikapita, Mwantum akaanza hata kumtania, kwamba hajui kama kaolewa na mtu au kaolewa na jiko.

Kisha mchana mmoja, jua la utosi, Mwantum akipepeta mchele uani, ungo ukamponyoka.

Ngo. Ngo. Ngo.

Muhidini alimgusa. Mwili ulikuwa wa moto. Akakumbuka alichomwambia Tajdin.

"Bwana," Mwantum alinong'ona, "maji yamefika shingoni. Nifungulie."

"Uko uani, mke wangu. Hapa ni pakavu."

"Nakuona. Uko upande wa pili wa kioo. Nifungulie."

Aliinua kiganja chake, akagonga hewani. Kiganja kilisimama kana kwamba kimezuiwa. Muhidini alipapasa. Hapakuwa na kitu. Alimshika mabega, alimwita, aliita majirani. Walikuja wote, wakasimama wakitazama, kama walivyosimama siku ile ukingoni. Maji meusi yalimtoka Mwantum puani. Kifua kikapumzika. Hakikugonga tena.

Baada ya mazishi Tajdin hakutaka hata kuliona gari. Alilifunga milango, funguo akaondoka nazo. Betri ilikuwa imeshatolewa. Likabaki bandani, likala vumbi.

Kipupwe kingine kikaingia. Asubuhi moja Muhidini alikuwa uani, anamimina chai.

Ngo, ngo, ngo.

Mlio ulitoka bandani. Safari hii ulikuwa mwepesi, wa kiganja kidogo, wa mtu aliyefundishwa kungoja mpaka aitikiwe.

Alijua asijibu. Kibiti nzima hakuna aliyejua zaidi yake. Aliziba masikio. Mlio ukapumzika, ukarudi. Ukapumzika. Ukarudi. Hakuweza. Hakuweza kumwacha mkewe mlangoni.

"Karibu, mke wangu," alinong'ona. "Pita."

Tajdin alipokuja kumjulia hali alikuta birika limeanguka, chai bado ya moto, na Muhidini hayupo. Hakuonekana tena, si Kibiti wala mtoni.

Gari lilikuwa palepale bandani, limefungwa kama alivyolifunga, vioo vimepandishwa. Kwenye kioo cha dereva palikuwa na alama mbili za viganja, zimelowa. Moja ilikuwa ndogo, yenye wekundu wa hina. Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi kwa grisi, na kidole cha shahada hakikuwa na ncha.

Tajdin alitoa leso, akazifuta. Hazikutoka. Zilikuwa upande wa ndani.