Aliyeitwa Bila Jina

Jumamosi hiyo gari la Bhekisisa Mthembu lilipanda kuelekea milima ya uKhahlamba likiwa limejaa vicheko. Nomcebo, mkewe, alikuwa ameshinda bahati nasibu kazini kwake: siku mbili kwenye loji ya mlimani, chakula na malazi, familia nzima. Binti yao Lwandle alikuwa akihesabu nyani kando ya barabara. Pembeni yake bibi yake, MaDlomo, mama mzazi wa Bhekisisa, alikumbatia bakuli la kuku wa kukaanga kana kwamba huko waendako watu hawapiki.

"Baba Lwandle, mbona uso kama umekunywa siki?" Nomcebo akauliza. "Vya bure hivi, cheka basi!"

"Barabara ina mashimo."

Uongo. Barabara ilikuwa safi. Kilichomkaba ni ile loji. Huko ndiko mdogo wake, Sandiso, fundi wa kuezeka nyasi, alikoteleza juu ya paa miaka mitatu nyuma, akaanguka akafa. Nomcebo alijua. Mama alijua pia, na ndiyo maana alikubali kuja; alitaka apaone kwa macho yake. Hawakujua jambo moja tu.

Kwetu mtu akifia mbali, kuuzika mwili nyumbani hakutoshi. Roho hubaki pale ilipoangukia mpaka mkubwa wa nyumba aifuate na tawi la mphafa, ule mkunazi wenye miiba miwili miwili, mmoja umenyooka, mwingine umepinda. Unamwita marehemu kwa jina. Unamwambia twende. Njiani humsemeshi mtu yeyote aliye hai. Unasema naye yeye tu, unamtajia kila mto na kila kona, hadi umlaze umsamo, nyuma kabisa ya nyumba ya duara, kwa wazee waliotangulia.

Bhekisisa ndiye aliyetumwa. Na Bhekisisa hakufika. Siku ile kulikuwa na mvua, na kulikuwa na rafiki mwenye nyama na bia karibu na daraja la Thukela. Jioni alivunja tawi la mphafa kwenye kona ya barabara, mahali watu walipofunga maua ya plastiki kwenye uzio, akaliambia, "Haya, twende nyumbani." Jina hakulitaja. Aliona haya kulitaja. Mama alilipokea lile tawi akiwa amepiga magoti, analia kwa furaha. Mbuzi akachinjwa. Mtu mzima na ndevu zake alimdanganya mama yake, na nyama akaila.

Loji ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Walipewa nyumba ya nne. Mchana mama alikaa barazani na kikombe cha chai, akiyatazama majabali. Saa tisa ukungu ukashuka.

Pa-pa. Kimya. Pa.

"Mafundi wa hapa hawapumziki hata Jumamosi?" mama akauliza.

Dada aliyekuwa akileta mataulo alisimama. "Fundi gani, bibi?"

"Huyo wa juu ya paa."

"Paa hili halijaguswa tangu yule kaka aanguke." Akayaweka mataulo chini, palepale kwenye majani, akaondoka bila kugeuka.

Bhekisisa aliutambua mlio. Ni kibao cha kupigia nyasi ziingie sawa. Mbili za haraka, kimya, moja. Sandiso alijifunzia kwenye paa la baba yao, na tangu utoto hakuwahi kupiga vingine.

Akazunguka nyuma ya nyumba. Hakukuwa na ngazi. Hakukuwa na mtu. Unyasi mmoja ulidondoka begani kwake, mkavu, umekatwa sasa hivi.

"Kaka."

Sauti ilitoka juu, ndani ya ukungu. Ya chini. Ya upole.

"Kaka, kazi nilishamaliza. Nani atanishusha?"

Angetukanwa angevumilia. Sauti haikumtukana. Ilimwuliza tu, kama mtu anayekuamini bado.

Usiku huo hakulala. Jumapili asubuhi alishuka bondeni na kisu, akarudi na tawi la mphafa, akasimama chini ya paa.

"Sandiso Mthembu," akanong'ona. "Mwana wa MaDlomo. Ni mimi. Shuka, twende nyumbani."

Kibao kikanyamaza. Tawi likawa zito ghafla, kana kwamba mtu ameshika upande wa pili. Akaliburuta hadi kwenye gari.

"Hilo nalo la nini?" Nomcebo akasema. "Tuna siku nzima bado! Baba Lwandle, si nasema na wewe? Umemeza ulimi?"

Mama alilitazama tawi. Akalitazama tena. Mtu hafuatwi mara mbili. Akamvuta mkwe wake mkono. "MaNgubane, fungasha vitu. Usimwulize kitu." Kisha akampakata Lwandle ili siti iliyo kando yake ibaki wazi.

Wakashuka. "Sandiso, tunavuka mto," Bhekisisa alisema. "Sandiso, tunakata kushoto." Askari wa barabarani akawasimamisha, akataka leseni, akauliza wanatoka wapi. Bhekisisa akatoa leseni, mdomo kaufunga.

"Jino, afande," Nomcebo akadakia. "Tangu asubuhi. Afadhali, angalau leo nyumba imetulia."

Askari akacheka. Ndani ya gari hakucheka mtu.

Walipofika Thukela, Bhekisisa akapunguza mwendo. "Sandiso, hii ni kona ya Thukela." Sauti yake ilikwaruza. Mama akaisikia. Akainama mbele, midomo yake karibu na kisogo cha mwanawe.

"Bhekisisa. Kama Sandiso amekaa hapa nami leo, miaka mitatu hii pale umsamo nimekuwa nikimpa bia nani?"

Kujibu ni kumwacha mdogo wake barabarani mara ya pili. Mama alijua hawezi kujibu. Alimwuliza makusudi, ili alibebe na hilo.

Nyumbani alimlaza Sandiso umsamo, akamtaja jina, akamwambia umefika. Tawi likawa jepesi. Hapo ndipo ulimi ulipofunguka. Alisema yote: mvua, bia, kona, maua ya plastiki, kila kitu, amepiga magoti. Mama alisikiliza hadi mwisho, macho makavu. Kisha akainama, akaliinua tawi la kwanza.

Sakafu ile aliipaka samadi ya ng'ombe Ijumaa kwa mkono wake, akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani. Nyuma ya pale lilipolala, kwenye samadi iliyokauka, kulikuwa na nyayo mbili. Za mtoto. Zimekaa sambamba, vidole vikielekea ukutani. Kama mtoto aliyeambiwa asimame hapo asigeuke.

"Ulimwitaje?" mama akanong'ona.

"Sikumwita kwa jina lolote, mama."

Sandiso ametulia, mama anasema sasa anamsikia akikoroma, kama zamani. Lakini Bhekisisa amekwenda pale konani mara nyingi. Amewauliza wauza machungwa, amewauliza polisi, ni mtoto gani aliyefia pale, aliyefungiwa maua yale. Mmoja anasema gari lilitoka mbali, mwingine anasema lilikuwa basi dogo. Jina hakuna anayelijua. Na bila jina, huwezi kumwambia twende.

Kila Ijumaa mama hupaka sakafu upya. Kila Jumamosi nyayo zipo. Bia ameacha kumwekea. Anamwekea maziwa ya mgando.

Mwezi uliopita alimwita Bhekisisa ndani, akaweka kiganja chake juu ya unyayo mmoja. Mwanzoni, akasema, kiganja kilikuwa kikiufunika.

Sasa vidole vinatokeza.