Kaburi la Hezekia Linapumua

Kaburi la mumewe lilianza kupumua siku ya Jumatatu, Awiti akiwa na fagio mkononi.

Alikuwa amelifagia, akaweka maua ya karatasi pale kichwani penye ufa mdogo wa saruji, akageuka kuchukua maji. Aliporudi, maua yalikuwa yanacheza. Upepo haukuwepo, hata migomba ilikuwa imetulia kama imekaripiwa. Akainama. Pumzi ya moto ikamgusa shavu, na pumzi ile ilinuka baruti.

Mwingine angekimbia. Awiti alikaa chini akalia kwa furaha. Baruti! Si ndiyo iliyomuua Hezekia huko Iraki, alikokwenda kulinda kambi ya Wazungu baada ya kuacha jeshi? Mwili haukurudi. Ulirudi mkoba wenye shati moja la kijani. Basi wazee wa Kijaluo wakafanya kama inavyofanywa mtu akipotelea mbali: walikata yago, lile tunda refu la mwegea, zito kama mtoto mchanga, Awiti akalivika shati, akafunga vifungo vyote vitano, likazikwa kwa jina la Hezekia. Okeyo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyechagua mahali, ubavuni kabisa mwa nyumba yake mwenyewe.

"Nitamlinda kaka usiku na mchana, shemeji," alisema, machozi yakimtoka kama bomba limepasuka.

Kerende ilikuwa na vijana watatu waliofia vitani ughaibuni, Joram, Waitara na Hezekia, lakini kaburi lilikuwa hilo moja tu. Kila Siku ya Mashujaa mchungaji alikuja kusimama pale, akaita majina kwa mpangilio huo huo, na ndugu wa kila mmoja wakamwitikia mtu wao: "Yupo."

"Ananipumulia," Awiti alimnong'oneza Bhoke, jirani yake wa Kikurya, mwanamke ambaye ukimpa siri asubuhi, jioni unaikuta sokoni.

"Nani?"

"Mume wangu."

Bhoke akaweka ndoo chini. "Hilo ni jini, mama Akello."

"Majini yako pwani. Hezekia hakuwahi kufika hata Tanga."

"Haya. Na kugonga, anagonga?"

"Na wewe unamsikia?"

"Nikimenya mihogo mchana nasikia ngo, ngo, ngo, chini huko. Lakini mama, mbona shemeji yako kanunua pikipiki, kaezeka bati jipya, na hana hata kuku wa kuuza? Hujiulizi?"

Awiti alinuna. Siku mbili hakumsalimia Bhoke. Alikaa kaburini, akaiambia ile ngo-ngo habari za mtoto, kwamba Akello ameota tena meno ya mbele, kwamba anaandika jina la baba yake bila kukosea.

Siku ya tatu mbuzi wake walikuwa wanagombea kitu nyuma ya nyumba ya Okeyo, kwenye rundo la mawe yaliyopondwa. Kilikuwa kitambaa cha kijani. Akakivuta. Ndani yake kulikuwa na yago, imetafunwa upande mmoja, na vifungo vitano vilikuwa bado vimefungwa.

Hakupiga hodi. Alimkuta Okeyo amekaa juu ya kitanda, jua la saa sita, amejifunika blanketi mpaka masikioni. Chini ya kitanda mbao zilifunika shimo. Miaka ile dhahabu ya Nyamongo ilikuwa imewatia watu wazimu, mtu anachimba hata chini ya jiko la mama yake. Ila chini ya kaburi la askari nani angekwenda kuchungulia?

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji! Vifungo hivi nilifunga kwa mikono yangu. Miaka minne nalilia nini pale, Okeyo? Nalilia paa la shimo lako?"

"Mwamba wa dhahabu ulipita palepale. Tukaikuta yago njiani. Nikasema, si tunda tu."

"Na mimi nakaa juu nakusikiliza unagonga, nakuhadithia habari za mtoto kama mjinga!"

Okeyo akatikisa kichwa. Safari hii alilia bila machozi. "Si mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Tuliitoa yago wiki mbili zilizopita. Saa ileile taa zote zilizimika, na vijana wangu wamekimbilia Sirari. Huko chini hakuna mtu, Awiti."

Chini ya kitanda ikasikika ngo. Ngo. Ngo.

"Anachimba kwenda wapi?"

"Mwanzoni alikuwa chini ya kaburi." Akaonyesha kwa kidole. "Sasa anaelekea jikoni kwako. Anatafuta pa kulala."

Awiti alipanda gari mpaka Susuni kwa mzee Oyoo, aliyeongoza mazishi yale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani kamtoa?"

Hakuwa amemwambia neno. Alipomaliza kueleza, mzee alisema yago mpya ikatwe, na aliyemfukuza marehemu aibebe mwenyewe mpaka chini, ailaze, aombe radhi. "Ifanyike Siku ya Mashujaa, majina yakianza kuitwa. Lakini Okeyo awe ameshatoka. Atakayekuwa pale chini jina la Hezekia likiitwa, ndiye mwenye kaburi."

Siku ikafika. Watu walijaa uani, mama zao Joram na Waitara mbele kwenye viti. Okeyo alipakata yago mpya.

"Jina la kaka ni la tatu," alimnong'oneza Awiti. "Muda upo, eti?"

"Upo."

Akaingia ndani, akazama shimoni chini ya kitanda. Awiti akasimama uani kitambo, akatazama ile pikipiki, akatazama bati jipya linavyong'aa, akakumbuka meno ya Akello aliyoisimulia saruji. Kisha akamwendea mchungaji.

"Mchungaji, leo naomba uanze na wangu."

"Hezekia Olima!"

Awiti hakuitikia. Ikaitikia ardhi. Ilianza kama mtu anayekohoa vumbi mbali sana, ikapanda kupitia kwenye ufa, maua ya karatasi yakaruka hewani na harufu ya baruti ikawafunika watu wote mpaka watoto wakaanza kulia, na ndani ya harufu ile ikatoka sauti nzito ambayo kila mtu mzima wa Kerende aliijua, sauti ya mtu aliyezoea kuitwa kwenye mstari asubuhi, ikasema neno moja tu: "Nipo."

Mlango wa Okeyo ukafunguka. Alitoka Okeyo, ametapakaa vumbi, mikono mitupu, kifua mbele, akitembea kama wanavyotembea kwenye gwaride. Akasimama mbele ya Awiti.

"Nyar Shirati," alisema kwa sauti ileile nzito. "Maji ya kuoga yapo?"

Binti wa Shirati. Okeyo hakuwahi kumwita hivyo. Aliyemwita hivyo alikuwa mmoja, tena chumbani.

"Yapo," akasema Awiti. "Yamepoa kidogo."

Watu wakashangilia. Mzee Oyoo alichukua fimbo yake akaondoka bila kugusa chakula.

Kesho yake Bhoke alimkuta Awiti kaburini, anakoroga saruji kwenye karai. Akainama, akatega sikio kwenye ufa. Kulikuwa na kugonga, kwa haraka haraka, kama kwa kucha.

"Mama Akello," akanong'ona, uso umempauka. "Kuna mtu humu. Anaita shemeji."

"Sina shemeji," akasema Awiti, akapitisha mwiko, akalainisha.