Damu ya Shemeji

Koki ni fundi bomba. Jina lake halisi hata mama yake halitumii. Basi asubuhi moja yuko chini ya sinki la watu, maji yanamwingia kwenye kola, simu ikaita. Dada yake anapasuliwa kesho, ana uvimbe tumboni. Daktari anataka damu. Isipopatikana, hapasuliwi.

Koki akafika hospitali spana bado iko mkononi. Mlangoni pa maabara akamkuta mume wa dada, kinyozi.

"Shemeji, kaa pembeni. Mimi na yeye baba mmoja, mama mmoja. Wewe umeoa tu."

"Haya, bwana damu," shemeji akacheka.

Mama wa maabara akawatoboa vidole wote wawili, akapima.

"Fundi, wewe ni kundi B. Mgonjwa ni O. Yako haimfai."

"Haimfai vipi? Tumenyonya ziwa moja."

"Ziwa moja, makundi mawili. Hutokea sana. Sikia. Zamani madaktari walidhani ini linatengeneza damu, mwili unaitumia, inakwisha. Kama miaka mia nne iliyopita, mmoja akapiga hesabu, akaona moyo unasukuma damu nyingi mno, haiwezi kuwa mpya kila mara. Ni ileile, inazunguka."

"Pampu na mabomba," Koki akasema.

"Na valvu zake. Basi watu wakaanza kuongezeana damu, hata ya kondoo. Wengine walipona, wengine walikufa, na sababu haikujulikana. Miaka mia na kitu iliyopita, daktari mwingine akachanganya damu za watu mbalimbali. Nyingine zikashikana mabonge. Kumbe zina makundi. Dada yako akipewa B, damu itaharibika humohumo mwilini. Anaweza kufa."

Koki akaweka spana chini.

"Mwenye O ni huyu," mama akasema.

Kinyozi, anayeshika wembe kutwa, akarudi nyuma hadi ukutani. "Mimi nitabaki na nini?"

"Nyingi tu. Na mwili utatengeneza nyingine. Kunywa maji, kula vizuri."

Koki akamshika mkono. "Usiangalie sindano, shemeji. Niangalie mimi."

"Una sura mbaya."

"Ndiyo hiyo, iangalie."

Dada akapasuliwa salama. Wiki iliyofuata ameketi kitandani, anawafokea wote wawili kwa kumletea supu imepoa. Koki akatoroka, akashuka maabara, akakunja mkono wa shati.

Mama akashangaa. "Si mgonjwa wenu amepona?"

"Amepona. Lakini humu hakosekani mtu wa B ambaye kaka yake hamfai."