Jina Kabla ya Arobaini

Saadi, mwenye steshenari pale Kibiti, hakuwa mtu wa kuamini ushirikina. Alichokiamini ni wakala wa akili bandia aliyemweka kwenye kompyuta yake: unaandika amri ya mistari miwili kwenye kidirisha cheusi, naye anafungua tovuti, anajaza fomu na kutuma, wewe unaendelea na fotokopi zako.

Jumatatu ile, kabla ya adhuhuri, alimpa kazi ya kusajili wachanga kumi wa Bungu na Ruaruke, wapate vyeti vya kuzaliwa. Wa kumi na moja akamweka wa kwake, jina akaliacha wazi. Mkewe Zuena alishazika wachanga wawili, na mama yake Saadi, Bi Biasha, alikuwa amekataza katakata: jina la huyu lisitamkwe wala kuandikwa mpaka arobaini itimie. Siku zote kumi na mbili tangu azaliwe walimwita Mashaka, ili kinachosikiliza kutoka mikokoni kisijue kimchukue nani. Jina lenyewe walilijua wawili tu, mume na mke, tena kwa kunong'onezana.

Kosa lake lilikuwa ule mstari aliozoea kuufungia amri zake zote: pakikosekana kitu, tafuta ujaze. Akauandika bila kufikiri, akaenda kuswali.

Aliporudi, wote walikuwa wamesajiliwa. Akasoma mpaka chini.

Jina la mtoto: Ismaily.

Ndilo. Akaamuru lifutwe, ikashindikana. Akauliza limetoka wapi. Wakala akajibu kwenye kidirisha:

"Nimepewa na mama yake."

Zuena hakuwa na simu tangu Ramadhani. Saadi aliogopa kuuliza, lakini aliuliza. Mama yupi?

"Amesema huyu ni wa tatu. Wawili anao tayari."

Hakufunga duka. Alikimbia.

Uani, Bi Biasha alikuwa akimkanda Zuena kwa maji ya moto. Alimwashiria mwanawe apunguze kishindo.

"Taratibu, baba," alinong'ona. "Kanyamaza mwenyewe sasa hivi, utadhani kuna mtu anambembeleza."

Saadi akaingia chumbani. Mtoto alikuwa peke yake kitandani, anapumua, mzima. Akambeba huku machozi yakimtoka kwa shukrani. Nguo iliyomfunika miguu ikateleza.

Kibiti haikuwa imeona mvua wiki tatu, na mikoko iko mbali, kule delta. Nyayo za mtoto wa siku kumi na mbili zilikuwa na tope bichi la mikoko, mpaka katikati ya vidole.