Mkataba wa Wauguzi

Walikutana kwenye foleni ya pasipoti, adhuhuri, watu wamebanana hadi nje ya mlango. Binti alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa sayansi ya siasa, gauni lake la kijani limelowa jasho mgongoni, macho kwenye kitabu. Nyuma yake, muuguzi aliyetoka zamu na sare yake nyeupe akamkinga jua kwa faili.

"Profesa, unasoma nini hata hupepesi jicho?"

"Sera za umma zinazovuka mipaka. Nchi moja ikiamua jambo, linavyowafikia watu wa nchi nyingine."

"Basi nisome mimi. Nataka kwenda kuuguza ng'ambo."

Kabla foleni haijasogea walikuwa wamepeana namba.

Mwaka mzima walipendana. Kila akitoka wodini alipiga simu: "Mpenzi, leo umekula chakula au umekula vitabu?" Mipango ilikuwa wazi: muuguzi atangulie ng'ambo, amjengee mama yake, ndipo wafunge ndoa.

Tasnifu ya binti nayo iliwahusu wauguzi. Alishinda wodini kwa mpenzi wake, akaona muuguzi mmoja akihudumia vitanda arobaini, akaandika kwamba nchi tajiri zikatazwe kuajiri wauguzi kutoka nchi zenye upungufu kama ule. Hakumwambia mpenzi wake. Karatasi za wanafunzi, alijua, huishia kabatini. Lakini msimamizi wake aliitwa kwenye kamati ya nchi mbili kuhusu ajira hizo, akaenda na tasnifu ile. Mkataba wa kukataza ajira hizo ukatiwa saini zikiwa zimebaki wiki tatu muuguzi asafiri. Kazi yake ya ng'ambo ikafutwa.

Muuguzi alikuja kwa binti na nakala ya mkataba, amekunja ukurasa wa shukrani.

"Jina lako hili hapa. Ungetaka nibaki, ungeniambia tu. Ningebaki."

"Sikukufikiria wewe. Niliwafikiria wagonjwa."

"Najua hukunifikiria," alisema, akaondoka.

Miezi minne muuguzi hakupokea simu za binti. Siku alipopiga mwenyewe, nyuma yake zilisikika kelele za uwanja wa ndege.

"Umepata kazi? Na mkataba je?"

"Mkataba wenu unawahusu wauguzi. Mimi naenda kama mtu wa usafi. Nitapiga deki wodini."

Binti alishika ukingo wa meza. "Rudi, mpenzi. Nitaandika upya."

"Andika. Uongeze kwamba wodi yetu sasa haina hata yule mmoja."

Abiria wakaitwa. Hakuaga, wala hakukata simu. Binti alimsikia akitembea, begi likiburuzika, mpaka mtandao ukapotea.