Sauti ya Fundi Uthmani

Inspekta Anisia alikanyaga maiti kabla hata hajasema hodi.

"Afande, mguu!" msichana mmoja alipiga kelele.

Akatazama chini. Maiti yenyewe ilikuwa chaki tu, mtu aliyechorwa sakafuni, mikono imetupwa huku na huku. Wanafunzi watatu wa chuo kimoja cha Gitega walikuwa wakitengeneza filamu fupi ya upelelezi, nyeusi na nyeupe, ya vivuli virefu na makoti marefu. Ilikuwa kazi yao ya kikundi ya kumaliza mwaka. Maiti ilikuwa salama salimini. Iliyoibwa ni filamu.

"Nani aligundua?"

"Mi, Afande." Aliyejibu ni Thomas, kijana mrefu wa Musinzira, mwongozaji wa filamu. "Jana saa tisa disque, ile diski ya filamu yote, ilikuwa hapa kwa meza. Narudi saa kumi na moja, hakuna kitu. Kesho saa nane tunaonyesha mbele ya walimu. Bila ile disque, tuko na sifuri."

Askari wengine wangecheka, wakaandika mistari miwili na kwenda zao. Anisia hakuwa hivyo. Mtu akimlilia kuku wake alimchunguza huyo kuku mpaka manyoya.

Akaanza na mlango. Kufuli zima, halina hata mkwaruzo. Akapuliza unga juu ya meza kutafuta alama za vidole. Zilikuwa tele, na zote za wenyewe. Kamera ilikuwepo, kompyuta ilikuwepo, taa mbili kubwa zilikuwepo.

"Mwizi wa kwenda kuuza angeacha kamera?"

"Hapana, Afande."

"Basi huyu alifuata filamu, si mali. Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Yangu, ya Raissa, ya Godfrey."

Anisia akafunga kidaftari chake. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akaomba chumba cha pembeni awahoji mmoja mmoja.

Thomas alikuwa wa kwanza, na hakuzunguka. "Ni Raissa. Juzi tuligombana. Alisema bora filamu ipotee."

Raissa, yule msichana aliyepiga kelele mlangoni, aliingia macho yamevimba.

"Ulisema bora filamu ipotee?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Juu ya babu. Mutu mukubwa ndani ya filamu ni babu yangu, Fundi Uthmani wa Nyamugari. Yeye ndiye inspekta. Ile koti alishona mwenyewe."

"Babu yuko wapi?"

"Amekufa, Afande. Wiki sita sasa. Tulikuwa tumemaliza kufilimu, kesho yake akaumwa kifua."

Anisia akampa pole, akangoja. Mengine yalitoka polepole. Mwalimu alipoonyeshwa vipande vya kwanza aliusifu uigizaji, ila akasema Kiswahili cha mzee kitawaangusha, kwa kuwa lugha ina maksi zake. Hivyo Godfrey, aliyekulia Tanzania, akarekodi upya maneno yote ya mzee kwa Kiswahili sanifu, na sauti yake ikapachikwa kwenye mdomo wa marehemu. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Ili filamu mpya ipate nafasi, sauti na picha za zamani zilikuwa zifutwe jana hiyohiyo jioni.

"Walikuwa wanacheka vile anasema," Raissa alisema. "Tukichelewa kufilimu, babu ananyanyuka: 'Mi naenda. Mama iko nangojea.' Mama ni nyanya yangu, muke wake. Mi pia nilikuwa naona aibu. Sasa ningetoa hata nini niisikie tena."

"Ulichukua diski?"

"Hapana. Jana toka saa tisa nilikuwa kwa shangazi na wake wa majirani, tunasoma dua. Uliza."

Anisia alituma mtu akaulize. Ilikuwa kweli.

Godfrey aliingia wa mwisho, kijana mwembamba wa Bukirasazi, mpole, mkoba begani. Kiswahili chake kilinyooka kama cha mtangazaji wa redio.

"Jana kati ya saa tisa na saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa maktaba, Afande."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Kwenye mkoba kuna nini?"

"Kompyuta. Nimeiazima kwa rafiki."

"Ya nini, na hapa mnayo?"

Godfrey alitazama mlango. "Afande, naomba unisamehe, mahojiano haya yatachukua muda? Nina safari. Mama iko nangojea."

Kalamu ya Anisia ikasimama.

"Umesema nini?"

"Nina safari."

"Baada ya hapo."

Uso ulimbadilika kijana.

"Mimi pia nimelelewa Tanzania, kambi ya wakimbizi Kigoma," Anisia alisema. "Mama yako mzazi ungesema ananisubiri. Hii 'iko nangojea' umeitoa kinywani mwa nani?"

Godfrey aliuvuta mkoba, akaukumbatia.

"Huyo mama ni mke wa fundi, sivyo? Yuko wapi?"

"Muyinga," Godfrey alinong'ona. "Kwa binti yake. Anakaa eda."

"Na diski?"

"Jana nilimpa dereva wa teksi aipeleke. Leo nilikuwa naifuata na kompyuta hii, ili asikie sauti ya mumewe. Kesho asubuhi ningeirudisha. Naapa, Afande."

Sheria ilikuwa wazi: kielelezo kiko Muyinga, kikachukuliwe. Anisia akawapakia wote watatu kwenye gari la polisi. Barabara ilipanda na kushuka vilima. Thomas aliuma meno. Raissa alimtazama Godfrey kwa pembe ya jicho, hasira na kitu kingine vikipigana usoni mwake.

Bi Kadidja, mke wa fundi, aliwapokea kwa sauti tu. Mjane aliye edani haonani na wanaume wa kando, na zilikuwa bado karibu siku tisini. Anisia na Raissa wakaingia ndani. Vijana wakabaki barazani, kati yao na mama kukiwa na pazia la kitenge. Diski ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwa leso safi, kando ya msahafu.

"Mama, kitu hiki kimeibwa," Anisia alisema kwa upole.

"Yarabi! Nani aliiba?"

"Mimi, mama," Godfrey alisema nje ya pazia. "Godfrey."

"We? Si we ndiye ulikuja siku ya matanga?"

"Ndimi."

"Sema yote," Anisia aliamuru. "Nami naandika."

Kijana akasogea karibu na pazia. "Siku ya matanga ulituuliza, ile filamu mutaniletea nimusikie? Nikasema tutaleta. Halafu mwalimu akasema neno lake, na wa kwanza kumuunga mkono nilikuwa mimi. Nilitaka maksi. Nikakaa kwenye kipaza sauti. Ili maneno yangu yafuate midomo yake ilibidi nisikilize kila neno mara thelathini, arobaini, mpaka nikajua anavuta pumzi wapi. Mama, tuliporudi kutoka Tanzania nilikuwa na miaka kumi. Kule Bukirasazi watoto walicheka Kirundi changu, nikakaa mwaka mzima sisemi mbele ya watu. Najua ilivyo. Halafu mimi huyuhuyu nikamnyamazisha mzee wa watu."

"Si ungetuambia?" Thomas alifoka.

"Ningewaambia nini, Thomas? Mimi ndiye niliyesema Kiswahili chake kibovu. Niliona aibu. Na simu yangu ni ya tochi, haihifadhi hata picha moja, ningeinakili wapi? Jana jioni mngefuta, na mama angebaki na nini?"

Anisia aliacha kuandika. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amesikia watu wakikiri mapanga na sumu, na hakuwahi kutafuta kitambaa mfukoni kama sasa.

Ndani, Bi Kadidja alianza kucheka, kicheko chepesi chenye machozi.

"Kibovu? Mwanangu, bwana yangu, Baba Shafii, alijua hiyo Kiswahili yenu! Ile karatasi mulimupa, alikuwa naisoma hapa mbele yangu kila siku alasiri ikiisha. 'Sema ukweli, ewe kijana, kabla sheria haijakusemea.' Yote, bila kosa. Mi nikamuambia, muzuri sana, utasema hivyo. Akakataa. Akasema, Kadidja, mi nacheza polisi wa Gitega. Nikisema hivi, nani ataniogopa? Watasema huyu ni mugeni, amepotea njia."

Thomas alikaa kitako kwenye kizingiti, akajishika kichwa.

"Afande," akasema hatimaye, "ile mashtaka yangu, naweza kuitoa?"

"Unaweza. Na filamu?"

"Ile ya Godfrey ndiyo tutafuta. Ya muzee inabaki."

"Na maksi za lugha?"

"Watukate."

Raissa akanyoosha mkono nje kupitia pembeni ya pazia. Godfrey akampa kompyuta, na kabla ya kuurudisha mkono msichana akavibana kidogo vidole vya kijana. Kisha akachomeka diski, akafungua kipande kirefu ambacho hakijakatwa. Fundi Uthmani akatokea, amevaa koti lake, amesimama juu ya mtu wa chaki. Akauliza maswali yake ya kipolisi, akasahau mstari, akacheka. Sauti ya Thomas, nyuma ya kamera, ikasema basi, tupumzike, lakini kamera ikaendelea. Mzee akavua kofia, akapangusa jasho, akatazama moja kwa moja mbele.

"Ni saa ngapi, jamani?" akauliza.

Bi Kadidja aliinua macho kwenye saa ya ukutani.

"Saa tisa na nusu, Baba Shafii," akamjibu.